Mgawa Nyama wa Ukoo: Mzee Eliamini Efraimu Munisi (1941–1999)

Mzee Eliamini alizaliwa Machame tarehe 4 Machi 1941, mtoto wa kwanza wa Mzee Efraimu Munisi. Alisoma hadi darasa la nne, akaacha shule mwaka 1954 ili wadogo zake wasome.

Alilima kahawa miaka thelathini. Bei ilipoanguka, aling'oa nusu ya shamba akafuga ng'ombe wa maziwa. Lakini wengi walimjua kwa kisu chake. Katika ukoo kila nyumba ina fungu lake la nyama, na yeye ndiye aliyegawa. Dada yake Ndelilio hakuacha kumtania: "Kaka, hiki kidari mbona chembamba kama wewe?" Naye alikuwa akimjibu, "Kula kwanza, dada, kesi baadaye." Hakuna aliyeondoka na kinyongo.

Mwaka 1965 alifunga ndoa na Tabitha, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 5 Juni mwaka huu ng'ombe wake alikutwa bandani amekufa. Mzee aliona uchungu kumtupa. Akapitisha kisu shingoni, akasema amemwahi kabla hajafa, akagawa mafungu kumi na manne. Siku ya tatu kipele kilimtoka mkononi, kikawa kidonda cheusi katikati, na mkono ukavimba. Kwa kuwa hakikuuma, alikipuuza. Homa ilipopanda, alimeza dawa za malaria alizonunua sokoni Kwa Sadala.

Hospitalini daktari alimwuliza kama amechinja mnyama. Mara mbili alikana. Aliona aibu kukiri kwamba ameulisha ukoo kibudu. Siku iliyofuata alimshika mkewe mkono.

"Mama Godlove, yule ng'ombe alikuwa ameshakufa. Nenda kawaambie wote. Unajua nani alipata nini."

Mama alikuwa hoi kwa kuuguza, lakini alipanda mlima, akapita nyumba kwa nyumba kwa kufuata mafungu, asiruke hata moja. Bwana mifugo alisema ni kimeta. Wote walipewa dawa. Watano walikuwa wameanza kuumwa, wakapona. Kwake yeye ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye damu. Alifariki tarehe 19 Juni, saa nne asubuhi.

Familia imechoka kulia. Wapo ambao bado wana hasira naye, na yeye alijua watakuwepo.

Ameacha mjane wake Tabitha, watoto wake Godlove, Gladness na Elinipendo, wajukuu wanne, na nyumba kumi na nne zilizokula nyama ile. Zote zipo hapa leo, hakuna iliyopungua mtu. Kisu kimefukiwa. Mzee wetu, sasa pumzika.