Mama Machungwa Alipofunga Daraja

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Mama Machungwa anastaafu baada ya kuupima mto wetu kwa miaka thelathini na mitatu. Ofisi ya Maji imetuomba sisi wanafunzi wa shule iliyo ng'ambo ya mto tuandike machache kumhusu. Tumekubali kwa furaha, ingawa mvua kubwa zimekaribia na wasiwasi umetujaa.

Jina lake lilitokana na kazi. Ili kupata kasi ya maji, hurusha chungwa mtoni na kuhesabu sekunde linazochukua kufika darajani. Chungwa huelea likiwa limezama nusu, hivyo upepo haulisukumi ovyo. Kisha huzidisha kasi hiyo kwa upana na kina cha mto, na kupunguza kidogo, maana maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Hapo hujua ujazo unaopita kila sekunde. Wauza matunda humtania kwamba samaki wa mto huu hawatashikwa na mafua kamwe.

Mwaka juzi mto ulifurika tukiwa darasani. Alipiga hesabu, jibu likawa chini ya kikomo cha maji ambacho daraja huhimili, akaruhusu tuvuke. Tulikuwa tumeshabeba mabegi alipogutuka: kina alichotumia kilikuwa cha kabla ya mafuriko, na maji mengi huchimba mchanga wa chini. Akashusha kamba yenye uzito kutoka darajani. Kamba ikashuka, ikazidi kushuka. Jibu jipya likavuka kikomo. Akafunga daraja kwa mnyororo, akasimama mbele yake.

Wazazi walimjia juu. Baba mmoja akamwambia, "Yaani wanangu walale shuleni kwa sababu ya machungwa yako?"

"Ndiyo, baba. Hata mjukuu wangu yuko huko. Nitukane, ila usivuke."

Daraja halikuanguka. Alichekwa hadi sokoni, na yeye akaendelea kununua machungwa yake. Maji yalipopungua, mafundi walikuta nguzo ya kati inaning'inia, mchanga uliokuwa chini yake umekwenda wote.

Tangu hapo, kina hupimwa upya kila mto unapofurika. Anayempokea kazi amefundishwa hilo vizuri. Hata hivyo, mawingu yakitanda bado tunachungulia dirishani.

Mama, asante kwa kukubali kuchekwa ili sisi tufike nyumbani. Tunakutakia afya njema na usingizi mzito mvua inaponyesha. Wasiwasi tuachie sisi.