Batuli na Sebule ya Warina Asali

Isevya, mjini Tabora, pale barabara inapokata kona kuelekea stesheni, kuna benchi refu lililoegemea ukuta wa ghala. Benchi lile halina mwenyewe, ila lina wenyewe. Alasiri jua likipoa, Mabruki muuza kahawa huteremsha jiko lake, akalipachika dele la shaba juu ya makaa, na kabla halijachemka vizuri wenyewe huwa wameshajaa. Yupo Shaban, ambaye jina lake la mtaani ni Redio, kwa kuwa habari haimpiti na akishaianza haizimiki. Yupo Raymundi, anayeitwa Behewa, mstaafu wa reli ambaye kila jambo la dunia hii hulipima kwa treni. Na mwishoni kabisa mwa benchi hukaa Twalibu seremala, mtu wa maneno machache. Azimio lilikuwa limeshatangazwa, vijiji vya Ujamaa vinaanzishwa, na pale benchini hakuna kilichonywewa bila kwanza kuulizwa kama ni cha kupe mnyonyaji au cha mjamaa. Siku hiyo Twalibu alikunywa kahawa yake bila kuisikia ladha. Kazi ya mkewe, Batuli, ilikuwa inaamuliwa.

— Kamati ya ushirika imeingia! alisema Redio hata kabla hajakaa. Nimewaona mwenyewe. Wamekwenda kufanyia mkutano humo humo sebuleni.

— Mkutano wa nini tena? aliuliza Mabruki.

— Wakate shauri, bwana. Kama ile sebule ni ya wakulima au ya mabwanyenye.

Behewa akapuliza kikombe chake.

— Hilo nalo linahitaji mkutano? Ikiwa laini, ni ya mabwanyenye.

Twalibu alitazama barabara. Angesema nini? Angetetea, wangesema anamsifu mkewe. Angenyamaza, moyo wake ulikuwa unawaka.

Mambo yenyewe yalianza hivi. Ushirika wa warina asali ulijenga nyumba ya wageni karibu na stesheni, kwa sababu wanunuzi wa nta walikuwa wanatarajiwa kutoka ng'ambo, na wakulima wenyewe, wakija mjini na madebe yao, walikuwa wanalala kwenye varanda za watu. Nyumba ikaisha. Sebuleni vikapangwa viti vya chuma kuzunguka ukuta, kila kimoja kinamtazama mwenzake, utadhani watu wanasubiri sindano. Ndipo katibu akamkumbuka Batuli. Mjini Tabora mtu akioza binti, Batuli ndiye wa kupamba chumba cha bibi harusi, na wapo watu wazima wenye wajukuu ambao bado wanakisimulia chumba alichowapambia.

— Tuwekee maua kidogo, katibu alimwambia.

Batuli hakuweka maua. Siku ya kwanza aliingia, akavua viatu, akakaa chini katikati ya sebule tupu, akakaa tu. Twalibu aliyempeleka akachoka kusubiri, akamuuliza anafanya nini. Akajibiwa: "Nakiuliza chumba mwanga wake unatokea wapi." Baada ya hapo akaanza kuwauliza watu. Mgeni akifika na treni, kinachomuuma ni nini? Mgongo. Mkulima aliyetoka Igunga juu ya lori, anataka nini kwanza? Anyooshe miguu bila kuonekana hana adabu. Mwanamke mwenye mtoto, atamlaza wapi? Yote haya akayaweka kichwani, na jioni akamwambia mumewe neno ambalo Twalibu hakulisahau:

"Chumba kiwe na fahari ya kumsimamisha mtu mlangoni, kisha kiwe na huruma ya kumkalisha. Fahari bila huruma ni makumbusho. Huruma bila fahari, hapo umemdharau mgeni."

Basi kazi ikamwangukia Twalibu. Alichonga viti vya mninga vyenye mgongo uliolala kidogo. Alichonga kimoja, Batuli akakikalia, akainuka, akasema bado. Akakirudisha, akapunguza, akaongeza. Bado. Siku alipokikalia, macho yakaanza kujifumba, Twalibu akajua amefika.

— Mimi nimesikia, Redio aliendelea, sakafuni limetandikwa zulia la Kiajemi.

— Jamvi la ukindu, alisema Twalibu taratibu.

— Jamvi?

— Jamvi.

— Basi jamvi la Kiajemi.

Behewa akacheka hadi kahawa ikamwagika. Kisha akakunja uso, akawa mtu wa kazi.

— Sikilizeni. Mimi nimefanya kazi daraja la kwanza. Kiti cha daraja la kwanza si kiti, ni dawa ya usingizi. Kuna bwana mmoja alikata tiketi ya kushuka Kigwa, hapa hapa puani petu. Akakaa kile kiti. Tulimwamsha Kigoma! Ziwa hilo mbele yake, anauliza kwa nini Kigwa kumejaa maji. Sasa wewe mpe mkulima kiti cha namna hiyo. Atarudi kwenye mizinga?

— Harudi! Redio akadaka. Na mimi naona mbali zaidi. Hawa wanunuzi wa ng'ambo ndio waliotaka viti laini. Mkulima wetu anakaa, anazama, mikono inalegea. Analetewa karatasi, anatia sahihi. Akija kuzinduka, nta yote imekwenda, na mizinga, na nyuki wenyewe!

— Nyuki watakwendaje?

— Watamfuata malkia wao. Malkia kauzwa.

Mabruki, ambaye kwa kawaida hufuata kahawa kuliko maneno, naye siku hiyo aliingia.

— Kuna na kile kioo. Kioo kirefu kile, nasikia ni cha bibi yake Batuli. Enzi za misafara, Waarabu walikuwa wanaweka kioo kama kile barazani. Mtemi akija, anajiangalia, anajipenda, anafurahi, na nyuma huko pembe zake za ndovu zinahesabiwa upya. Tena kwa kupunguzwa!

— Umeona! alisema Redio. Umeona! Kioo si cha kujiangalia. Kioo kinakuangalia wewe!

— Mjamaa hasa, Behewa akatoa hukumu, anakaa kigoda. Akiwa na mapinduzi sana, anasimama.

Wote wakacheka, na kicheko kile kilimgusa Twalibu mahali pabaya. Akaweka kikombe chini.

— Kioo kile kinatazama dirisha, alisema. Kipo pale ili mwanga wa jioni uingie mara mbili, kwa kuwa nyumba imelipa jua mgongo. Hakuna anayehesabiwa kitu.

Wote wakamgeukia. Twalibu kusema maneno mengi kiasi kile, haikuwa kawaida.

— Na mapazia? Redio aliuliza, safari hii sauti imeshuka. Nasikia hariri.

— Kaniki.

— Kaniki ile ya wakulima? Ile nyeusi?

— Ile ile ya shambani. Ameitia ukingo wa manjano, akaishusha kutoka darini mpaka sakafuni. Ukiingia unadhani ni nguo ya mfalme. Ukiikaribia, ni ya shangazi yako. Mito ni sufi ya miti yetu. Ukuta mmoja ameupaka rangi ya asali. Na kila kiti, ukinyoosha mkono hivi, kuna mahali pa kuweka kikombe, usikae umekishika kama mlinzi. Alisema mgeni asiyejua pa kuweka kikombe hawezi kusema la moyoni.

— Lakini Twalibu, alisema Behewa, na hakuwa anacheka tena, kwa nini yote hayo? Kwa watu wa mizinga?

Twalibu alikuwa amemuuliza mkewe swali hilo hilo, karakana imejaa vumbi la mninga.

— Aliniambia hivi. Babu zetu hapa walikuwa wapagazi. Vioo, shaba, vitambaa vya watu, vyote vimepita mabegani mwao, kwenda Ujiji na kurudi pwani. Wakifika kambini, mzigo unawekwa juu ya magogo usiharibike, mbebaji analala chini. Yeye anataka safari hii mbebaji akalie mzigo wake. Basi. Hakusema zaidi.

Mabruki akamimina kahawa bila kuombwa. Redio alifungua kinywa:

— Lakini wahenga walisema...

— Waache wahenga wapumzike, Behewa akamkata.

Hapo ndipo walipomwona mwanamke mzee akija kutoka upande wa stesheni, kitenge kimefungwa vizuri, mkononi ana kapu tupu. Hakuna aliyemjua isipokuwa Twalibu. Alikuwa Koleta wa Kigwa, mjane anayeyeyusha nta, na mjumbe wa kamati. Twalibu alisimama wima.

— Shikamoo, mayu, mama yangu.

— Marahaba, baba. Marahaba wote. Kahawa ipo?

Wakasogea, akakaa. Mabruki alimpa kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa polepole, na Redio, mtu ambaye habari ndiyo uhai wake, alikuwa anakaribia kuzimia.

— Mayu, mkutano umeendaje?

— Mwenyekiti kalala.

— Kalala wapi?

— Kitini.

Akawasimulia. Ndugu Modest, mwenyekiti wao, si mtu mbaya, ila alikuja amekasirika. Alikuwa ameandaa maneno ya kutosha. Alisimama mlangoni kwanza, akatazama ukuta wa asali, akatazama ile kaniki, akasahau kuvua kofia. Kisha akasema kwa ukali kwamba viti hivi vitolewe leo leo, vya chuma virudi. Akaona anasema peke yake amesimama, wenzake wote wamekaa. Naye akakaa. Akaendelea kusema, "Ndugu zangu, sisi ni watu wa kazi." Akaegemea. "Mtu wa kazi," akasema. Akanyoosha miguu. "Mtu wa kazi..."

— Tukangoja amalizie, alisema Koleta. Tukasikia anakoroma.

Benchi lote likaangua kicheko, hata Mabruki akaliacha dele likifurika juu ya makaa.

— Mkamwamsha?

— Nani amwamshe? Juzi alikuwa porini na warina, jana amekesha na hesabu za ushirika. Mwili wa mtu umechoka. Tukaongea kwa sauti ndogo. Kuna mrina mmoja wa Igunga, hajawahi kufungua kinywa kwenye mkutano hata siku moja. Leo kaongea. Kaweka kikombe chake pale pembeni, kaegemea, kasema mambo ya mizinga ambayo sote hatukuwa tunayajua. Mwenyekiti alipoamka, alitutazama, akajitazama kwenye kioo kofia imemwangukia sikioni, akacheka mwenyewe. Akasema, "Kama mimi niliyekuja na hasira nimepumzika, aliyetoka mbali itakuwaje? Viti vya chuma vibaki stoo."

Twalibu alikaa chini. Hakujua kama amekaa. Akajifanya anakohoa kwa ajili ya moshi.

Koleta akamgeukia Twalibu.

— Na mbao zile, baba, zinang'aa. Nikapitisha mkono, nikanusa vidole. Nta yangu! Tangu nimeolewa nayeyusha nta, inapanda treni, inakwenda, sijui inafanywa nini huko. Leo ndiyo mara ya kwanza kuiona imekuwa kitu. Nimekikalia kile kiti nikajiona mtu.

— Lakini mayu, alisema Behewa, akikusanya heshima yake iliyobaki, si kwamba napinga. Ninachosema, starehe ina hatari yake kwa taifa changa.

— Ndiyo! Redio akaunga mkono. Hatari yake!

Koleta alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Aliuliza bila ukali, kama mtu anayetaka kujua kweli:

— Mkulima akikaa pazuri, ni nani aliyeibiwa?

Redio alitazama angani, ambako mara nyingi hupata habari zake, hapakuwa na kitu. Mabruki aliinua dele kutafuta cha kufanya, likawa jepesi, kahawa imekwisha.

Koleta aliaga, akaenda kuwahi treni. Hakuwa amefika mbali wakati Batuli alipotokeza, kichwani amebeba mabaki ya kaniki, miguu ina vumbi hadi vifundoni. Hakuwa na habari kwamba wameshasikia. Alikuwa anapita tu kwenda nyumbani, anawaza kitu, pengine kiti cha pembeni ambacho bado hakijamridhisha.

Behewa akasimama. Mzee yule ambaye hata wakubwa wa reli alikuwa anawajibu akiwa amekaa, alisimama, akapangusa benchi kwa kiganja chake.

— Fundi, alisema, karibu upumzike.

Twalibu akageuka kuitika, maana mtaa mzima fundi ni yeye. Akaona macho yote yapo kwa mkewe. Akaona Redio naye amevua kofia. Kifua kikamjaa, akacheka peke yake kimyakimya. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo alisimama yeye, akampokea mzigo, na Batuli akakaa.