Sikuuliza ni Yai la Nani

Wanangu, nyamazeni sasa, mimi Josephina niseme wakati ulimi bado unageuka. Severini, zima hiyo simu. Simu ndiyo iliyoniua, kama utakavyosikia. Felista, kama hutaki kukaa, simama hapo mlangoni, ila masikio yaingie ndani.

Shamba hili la Mgeta, kuanzia mfereji mpaka makaburini, si mali yangu. Nilipewa na mama, naye alipewa na mama yake, kwa kuwa sisi Waluguru ukoo hufuata titi, haufuati ndevu. Severini, watoto wako sita nawapenda, na kabichi zangu wamekula, lakini wao ni wa ukoo wa mama yao. Dada zangu wote walikufa bila binti. Wa kutuendeleza walibaki Felista na mdogo wake Judith, basi.

Felista alikaa kwenye ndoa miaka kumi na miwili bila mimba. Dawa za mizizi alikunywa mpaka akanuka kama ghala, na mawifi wakamwita mpapai dume. Mwisho akauza fremu yake ya vitenge pale Mwembesongo akaenda India, maana alisikia huko hospitali hupandikiza mimba kwa bei ambayo mtu wa kawaida akijikamua anaifikia. Akaondoka na Judith. Nikadhani anamchukua wa kumbebea mabegi.

Siku moja wakanipigia ile simu ya sura. Felista akasema, "Shikamoo mama. Daktari anasema mayai yangu yamechoka. Anataka kutumia ya mwanamke mwingine, mimba nibebe mimi." Nami, badala ya kuuliza ni mwanamke gani, nikafungua mdomo huu ambao hata mapadri wanauogopa: "Ukirudi na tumbo la Kihindi, usipande mlima wangu! Mtoto wa yai la kununua hatashika jembe kwenye shamba la bibi zangu, na nikifa asinitupie udongo." Nikakata. Akapiga tena mara tatu, nikazima kabisa. Nikaenda kupalilia njegere huku najisifu kwamba nimelinda ukoo.

Wakarudi tumbo tupu, yai hata halikupandikizwa. Mwaka wa pili Judith akaolewa, akashika mimba, akafa na kichanga chake siku ya kujifungua. Tulipomaliza arobaini, tukisugua masufuria, Felista akaniambia bila kunitazama, "Mama, yale mayai yalikuwa ya Judith."

Mmesikia? Ya Judith. Wa tumbo langu, wa titi lilelile. Nilimpiga mawe kifaranga wangu nikidhani ni mwewe. Waliosema heri kujikwaa dole kuliko ulimi walinijua kabla sijazaliwa. Na majuto, walisema, ni mjukuu. Basi kwa upande wa binti zangu, huyo ndiye mjukuu pekee niliyejaliwa.

Severini, usiniambie ni kazi ya Mungu. Mungu hakukata simu.

Sasa shikeni maneno. Shamba ni la Felista peke yake. Severini, utalima akikuruhusu, tena usimtazame kama mbwa anayengoja mfupa udondoke. Akileta mtoto yeyote, wa kupewa, wa kuokota, wa rangi yoyote, akamwonyesha mpaka na kumwambia hapa ni pako, ni pake. Asiulizwe amenyonya titi gani. Najua nimechelewa. Mwanangu ana miaka hamsini na moja, na mtoto wa mtu akipita hapa uani yeye hugeuza uso ukutani. Hatamleta yeyote. Magugu yatakula hili shamba, nami ndiye niliyeyapanda.

Msinizike karibu na Judith. Mwacheni alale na mwanawe. Mimi nitupeni kule chini, njia inakopita.

Nipeni hayo maji... niinueni kidogo. Severini, sogea nikupulizie maji ya baraka. Uzao wako ujae, mikono yako isikose kazi, na mkeo... mvumilie, ana mdomo kama wangu.

Felista. Njoo, mama.

Njoo tu, sitasema kitu, nitakupulizia maji tu... Haya. Kaa hukohuko. Ningekuwa wewe, nami nisingekuja. Mungu akupe... akupe... neno lenyewe silioni.

Severini, mwachie mkono. Usimvute.

Mwachie.