Nukta Nyekundu kwenye Pembe ya Sahani

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu, Bibi Nukta anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Mimi ndiye niliyemtolea kemikali ghalani miaka yote hiyo, ndiyo maana nimeombwa niandike.

Kazi yake ilikuwa kutafuta kemikali ya kuzuia kimeng'enya, yaani enzaimu, kinachoharibu ubongo wa wazee wanaosahau. Sahani ya plastiki ina visima tisini na sita, na kila kisima hupata tone la kemikali tofauti. Amejaribu zaidi ya elfu arobaini. Karibu zote hazikufanya lolote, naye alizirudisha dirishani kwangu akisema, "Babu, hizi nazo maji ya kunawa tu. Lete nyingine."

Miaka saba iliyopita, katika kisima kimoja cha pembeni kabisa, kimeng'enya kililala, kikaacha kufanya kazi. Tulishangilia. Tuliporudia, kemikali ile haikufanya kitu. Baada ya miezi mitatu mkuu wa maabara akaagiza jalada lifungwe.

Nyumbani kwa Bibi Nukta, ugonjwa huohuo ulikuwa umeshaanza kumla mama yake. Jina la bintiye lilimponyoka, lakini alijua kikombe chake kisicho na sukari hukaa pembe ya kulia ya sinia. Asubuhi moja alionja, akakunja uso. "Umeligeuza sinia, wewe msichana! Changu kile kule."

Bibi Nukta alifika kazini akihema. Alisimama mbele yetu sote akasema huenda aliigeuza sahani alipoiingiza kwenye mashine, mwanzo ukawa mwisho, na kosa ni lake. Hakuna aliyemshuku, angeweza kunyamaza. Nikampa kemikali ya pembe ya mkabala. Kimeng'enya kikalala, na kesho yake kikalala tena.

Tangu hapo kila sahani hupakwa nukta ya rangi nyekundu ya kucha kwenye pembe moja, na jina likamganda. Siku moja watani waliipaka hata sahani yake ya chakula. Aliizungusha mpaka nukta ikakaa sawa, ndipo akala.

Mwaka huu kemikali hiyo imeanza kujaribiwa kwa watu wachache. Kwa mama yake imechelewa. Siku hizi humwita bintiye "dada". Ndiyo sababu Bibi Nukta amekataa kuongezewa mkataba.

Bibi Nukta, asante kwa asubuhi ile uliyosema kosa ni lako. Kichupa cha rangi ya kucha umetuachia, nasi tutakitumia. Tunakuombea siku nyingi na tulivu pamoja na mama. Kikombe chake, pembe ya kulia.