Unga wa Kusukuma Damu

Kabla gari halijatoka Bukoba, mama aliyepakata kopo la virutubisho alikwisha kumweleza jirani yake wa kiti cha mbele yangu, muuguzi mstaafu, kuhusu kisukari cha mumewe.

“Unga huu unasukuma damu mpaka vidoleni. Zamani alilia miguu inawaka moto. Sasa kimya.”

“Na vidonge vya kliniki?”

“Ameacha. Vya nini tena?”

Kopo lilikuwa limechorwa mwanamume anayekimbia. Mumewe, nilivyosikia, anaburuta miguu.

“Mama, ganzi siyo kupona.”

“Ganzi gani? Jana nimemkanda miguu kwa maji ya moto, ngozi ikabanduka, wala hakushtuka. Huoni anavyopata nguvu?”

Muuguzi alimshika mkono. Gari likasimama Izigo.

“Niache niwahi,” mama akasema akishuka. “Binti ameshabandika maji ya kumkanda.”