Bi Lenzi na Bastola ya Kabati la Tatu

Nianze na langu, kwa sababu siku hizi daktari wangu akimaliza kunipima huzungumza na binti yangu kando, na mwenye akili anaelewa maana yake. Kuna jambo kuhusu bastola ya kabati la tatu ambalo nimelificha tangu siku ilipoingia katika makumbusho yetu. Nitalisema humu humu, katika maandishi haya ya kumuaga. Lakini leo ni siku ya Bi Lenzi, kwa hiyo yeye kwanza.

Bi Lenzi anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya uhifadhi. Jina hilo alipewa na dereva wetu kwa ajili ya kioo cha kukuzia kinachoning'inia shingoni mwake. Wapo wanaoapa kwamba hukagua hata chai kabla ya kuinywa. Mikononi mwake zimefufuka saa ya stesheni, cherehani iliyozama mafurikoni na taipureta ambayo sote tulikuwa tumeshaizika. Wageni wote wa karakana aliwafundisha sheria moja: usishike silaha bila kuifungua na kutazama ndani, hata kama uliitazama jana. "Kwani ulilala nayo?" huwauliza.

Bastola yenyewe tuliikuta asubuhi moja kwenye sanduku la michango mlangoni, imeviringishwa kitambaa cheupe, haina jina la mtoaji. Mkuu wetu wa wakati ule alifurahi kupita kiasi. Wiki haikuisha, kibao kikawekwa: "Bastola ya afisa wa farasi." Bi Lenzi alikisoma huku akiushika mpini wa bastola, akacheka.

"Afisa gani huyu mwenye kiganja cha mtoto wa shule? Alipanda farasi au mbuzi?"

"Kibao kimeshachapwa, Bi Lenzi," mkuu alisema.

"Basi kichapwe tena, mkuu wangu. Mimi nitalipia wino."

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa alama za kiwanda alijua bastola ina zaidi ya miaka mia moja. Namba ya mtutu haikulingana na ya kiunzi, kwa hiyo alijua kuna fundi aliyeunganisha bastola mbili kuwa moja. Kisha akaona tulichokiona sote tukadhani ni kutu: ncha ya nyundo, ile inayogonga risasi, haikuliwa na kutu. Ilikatwa kwa tupa, taratibu, na mtu aliyejua anachofanya. Bastola ile isingeweza kumuua hata panya. Ilikuwa ya kutishia tu.

Mpini ulikuwa umechongwa ukapunguzwa, na umelika upande usiotarajiwa. Bi Lenzi akatengeneza mfano wake kwa nta, akatupanga foleni ukumbini kama watu wa chanjo, kila mmoja aushike. Mhasibu alionekana kama ameshika kijiko. Dereva akaambiwa, "Toa hilo koleo lako hapa!" Mimi nilisingizia kuumwa kidole. Mkono uliokaa sawasawa ulikuwa wa mpishi wa kantini, mwanamke mdogo wa umbo, anayetumia mkono wa kushoto.

"Ni mwanamke!" Bi Lenzi alipiga kelele, akamkumbatia mpishi na mwiko wake.

Kitambaa nacho hakukitupa, ingawa wengine tulikiona tambara. Alikipima uzi kwa uzi, akagundua ni kitambaa cha kufungia vidonda, kilichochemshwa mara nyingi mno. Kwa hiyo leo kibao kinasema: "Bastola ya mwanamke wa mkono wa kushoto, huenda mhudumu wa tiba. Jina halijulikani." Mkuu alikichapisha upya bila kinyongo, tena akajisifu kwa wageni.

Mwezi uliopita Bi Lenzi alikuja kunijulia hali. Alikaa ukingoni mwa kitanda changu akasema, "Kaka, naondoka na deni moja. Yule mama simjui jina. Nikifunga karakana nitakuwa nimemwacha nje." Nilimtazama, nikamwomba maji ya kunywa.

Nilinyamaza kwanza kwa sababu niliapishwa, na aliyeniapisha alikuwa hai. Baadaye nilinyamaza kwa sababu nyingine. Kila Bi Lenzi alipogundua jambo, nilikwenda nyumbani nimejaa furaha, kama mtu aliyesikia ndugu yake akisifiwa mbele za watu. Sikutaka kuikatiza.

Tunakushukuru, Bi Lenzi, kwa macho yako na kwa ubishi wako. Uwe na asubuhi ndefu zisizo na kengele, wajukuu wa kukuchosha, na afya ya kuwabebea. Hicho kioo usikirudishe stoo.

Na kabla hujafunga karakana, pitia kwangu na kalamu. Jina nitakutajia mwenyewe, maana nataka nikuone ukiliandika. Mwanamke huyo alikuwa mkunga, akienda kuzalisha kwa miguu, peke yake, kokote alikoitwa. Nyundo aliikata mumewe, fundi saa, kwa ombi lake mwenyewe: alisema mkono unaopokea watoto hauwezi kubeba kitu cha kuua. Bastola sandukuni niliiweka mimi.

Alikuwa mama yangu.