Kilomita za Mpiga Picha

Mkunga alikuwa amepania kusinzia kwenye treni baada ya zamu, lakini abiria wawili wa mbele yake walimnyima usingizi. Mpiga picha za harusi alikuwa njiani kutia saini mkataba wa kukodi gari jipya kwa miaka mitatu, na mama aliyeketi kando yake, karani mstaafu, alikuwa ameshamnyang'anya karatasi.

"Mwanangu, umeusoma huu?"

"Nimeliona gari lenyewe, mama. Jekundu!"

"Kweli, ukipenda chongo huita kengeza. Wanasema ukizidisha kilomita elfu kumi kwa mwaka, kila kilomita ya ziada unailipia. Harusi zako ziko wapi?"

"Kila mahali."

Mkunga akauma midomo asicheke.

"Basi wadai elfu ishirini na tano kwa bei ileile. Wakikataa, nyanyuka uondoke."

"Na wasiponiita?"

"Watakuita kabla hujafika mlangoni."

"Kwani mama umewahi kukodi gari?"

"Mimi? Hata baiskeli sina. Kusoma ndiko ninakojua."

Treni ikasimama. Mpiga picha akachukua karatasi zake, akashuka bila kuaga. Kupitia dirishani, mkunga alimwona amesimama palepale, watu wakimpiga vikumbo, akisoma ukurasa wa kwanza huku midomo ikimcheza.